Miwa ya bondeni Lindi na Mtwara: uchomeke, ulaze mferejini, uchimbe mashimo au uoteshe miche?

Viwanda vya sukari vya Tanzania viko Kilombero, Mtibwa, Moshi, Kagera, Bagamoyo na Mkulazi. Huku kusini hakuna. Muwa wa Lindi na Mtwara huishia mdomoni mwa mlaji au kwenye mashine ya juisi, na mnunuzi huuchagua mmoja mmoja: anatazama unene, unyoofu na urefu wa pingili. Hilo peke yake linabadilisha ulinganisho wote. Ushauri mwingi wa kupanda miwa umeandikwa kwa ajili ya mashamba ya kiwanda, ambako kinachopimwa ni tani kwa hekta, na aina kama NCo 376 hupendwa kwa wingi wa mashina hata kama si manene. Mkulima wa bonde la mto Lukuledi akiufuata neno kwa neno atapata miwa mingi myembamba ambayo mchuuzi wa stendi ataipita.

Jambo la pili ni mvua. Kusini tuna msimu mmoja, unaoanza Novemba au Desemba na kuisha Aprili au Mei. Muwa wa kutafuna unahitaji miezi 10 hadi 14 shambani, kwa hiyo upende usipende utavuka kiangazi kizima. Namna ya kupanda ndiyo inayoamua mizizi itakuwa imefika wapi Julai ikiingia. Ndiyo maana hapa tunaanza na maji, kisha ndipo tunafika kwenye panga na kamba.

Chimba kwanza mashimo matatu

Mwishoni mwa Septemba au Oktoba, ardhi ikiwa imekauka kabisa, chimba mashimo matatu yenye kina cha mita 1: moja karibu na mto, moja katikati ya shamba, moja upande wa juu. Yaache hadi kesho yake. Maji yakipanda hadi kubakiza pungufu ya sentimita 50 kufika usoni mwa ardhi, hapo ni majimaji na hatari yako ni kuoza. Yakionekana kati ya sentimita 50 na 100 kwenda chini, au udongo wa chini ukifinyangika mkononi bila kubomoka, una shamba zuri la miwa. Ukikuta vumbi hadi chini, muwa hautavuka kiangazi bila kumwagilia, hata ukipandwa kwa ustadi gani. Mchanga mwekundu wa uwanda wa Makonde, kule Newala na Tandahimba, ni wa namna hiyo: maji yako mbali sana chini. Korosho inaweza, muwa hauwezi.

Rudi tena Februari au Machi uone maji ya mafuriko yanatuama siku ngapi. Siku mbili tatu si tatizo kwa muwa uliokwisha shika. Wiki moja juu ya vipande ambavyo bado havijaota ni hasara.

Wenye mashamba karibu na midomo ya mito, kama Lukuledi inapoingia ghuba ya Lindi, waonje maji ya kisima cha shamba. Muwa hauvumilii chumvi vizuri. Dalili ya kwanza ni ncha na kingo za majani kuungua, na vichaka kuchipua mashina machache. Pale mikoko inapoonekana kwa macho, usipande kwa namna yoyote kati ya hizi nne.

Kuchomeka mshazari

Hii ndiyo njia ya wengi mabondeni, na haistahili dharau inayopewa. Baada ya kuvuna, kilele cha muwa, ile sehemu laini ya juu isiyo na utamu, hukatwa kipande chenye macho matatu na kuchomekwa ardhini kwa mlalo wa nyuzi 45 hivi, macho mawili yakiwa chini ya udongo na moja juu. Mbegu haina gharama kwa kuwa kilele hakiuzwi. Na kinaota haraka: macho ya juu ni machanga, yana maji mengi na sukari nyepesi ambayo chipukizi huitumia mara moja, tofauti na macho ya shinani yaliyokomaa na kukauka magamba.

Faida yake kubwa iko kwenye udongo wenye maji mengi. Kipande kilicholazwa chote chini ya tope kinakosa hewa na kuoza. Kilichochomekwa kina sehemu iliyo juu, kinapumua. Kwa hiyo kama maji ya shimo lako la Oktoba yalibakiza pungufu ya sentimita 50 kufika usoni mwa ardhi, chomeka, tena ikiwezekana juu ya tuta lenye kimo cha sentimita 30.

Kasoro zake ni tatu. Mizizi inakaa juu juu, kwa hiyo muwa mrefu unaanguka upepo ukija, na muwa ulioanguka hujipinda na kuota mizizi kwenye mafundo, mnunuzi hautaki. Ya pili, baada ya kukata, maotea, yaani chipukizi za shina lililovunwa, huchipua juu kidogo ya pale palipokatwa mwanzo, na kila mwaka kichaka kinapanda hadi kinakaa kama kimewekwa juu ya ardhi. Kufikia mkato wa tatu, yaani mavuno ya tatu, kimechoka. Ya tatu, kwenye udongo unaokauka haraka, jicho lililo juu hukauka kabla mizizi haijatoka, na umebaki na macho mawili ambayo hayakuzikwa kwa kina cha kutosha.

Kwa ekari moja, nafasi ya mita 1 kwa sentimita 75, unahitaji vipande 5,400 hivi. Kwa kuwa kila muwa una kilele kimoja, hiyo ni miwa 5,400 iliyovunwa. Ndiyo sababu shamba la kuchomeka hukua polepole: mbegu inategemea mavuno.

Kulaza vipande mferejini

Hapa mfereji unachimbwa kwa kina cha sentimita 20 hadi 25, mita 1.2 kutoka mmoja hadi mwingine, ukikata mteremko na si kuufuata. Kwa miwa ya kutafuna, mita 1.5 inatoa miwa minene zaidi na nafasi ya kupita wakati wa kung'oa majani makavu. Vipande vya macho matatu, vyenye urefu wa sentimita 35 hivi, vinalazwa kimoja baada ya kingine, ncha kwa ncha, macho yakiangalia pembeni. Jicho lililoangalia chini huchelewa, kwa sababu chipukizi lazima lizunguke kipande ndipo lipande juu, na likizikwa kwa kina huishiwa nguvu njiani.

Kosa linaloharibu mifereji mingi ni kufukia sana. Mfereji una kina cha sentimita 25, lakini juu ya kipande weka udongo wa sentimita 3 hadi 5 tu. Kwenye kichanga kinachokauka, fika sentimita 7. Udongo uliobaki kingo ndio hazina yako: unaurudisha kidogo kidogo kila palizi, na mwezi wa tatu au wa nne unapandishia tuta. Hapo ndipo muwa unapata shina lililozama, mizizi inakaa chini penye unyevu, na upepo hauuangushi kirahisi. Pwani hii inajua upepo na maji ya ghafla: Mei 2024 mvua za Kimbunga Hidaya ziliikata barabara ya Lindi hadi Dar es Salaam upande wa Kilwa. Shamba lililopandishiwa tuta mapema lina mshiko ambao la kuchomeka halina.

Kuna wanaolaza muwa mzima bila kuukata ili kuokoa muda. Usifanye hivyo. Kilele kikiwa bado kimeungana na shina, macho ya juu huota kwanza na kuyazuia ya chini yasiamke, ndiyo maana mistari ya namna hiyo huwa na mapengo marefu. Ukitaka kasi, laza muwa mzima mferejini kisha pita na panga ukiukata pale pale kila baada ya macho matatu. Hilo linatosha kuvunja ule utawala wa kilele. Elekeza ncha za shina na za kilele kwa kupishana, maana macho ya shinani huota kwa udhaifu na usingependa mita mbili nzima za mstari ziwe za macho hayo peke yake.

Mbolea ni rahisi kupima. Mfuko mmoja wa DAP, mbolea ya kupandia, wa kilo 50 kwa ekari ni gramu 15 kwa kila mita ya mfereji, yaani vizibo vitatu vya soda. Nyunyiza chini, funika kwa udongo kidogo, ndipo ulaze kipande. Mbolea ikigusa sehemu iliyokatwa inaiunguza. Urea, mbolea ya kukuzia, kilo 75 igawe mara mbili, wiki ya sita na mwishoni mwa mwezi wa tatu, udongo ukiwa na unyevu na ukiifukia siku hiyo hiyo. Urea iliyoachwa juu ya ardhi yenye joto la Lindi hupotea hewani. Usiweke urea mwishoni kwa tamaa ya kunenepesha: muwa utajaa maji na utamu utapungua.

Mashimo

Wafugaji wanaijua njia hii kwa matete, wanaiita tumbukiza. Kwa miwa, shimo la duara lina upana wa sentimita 75 na kina cha 40, na kutoka katikati ya shimo hadi katikati ya jingine ni mita 1.5. Udongo wa juu unachanganywa na samadi na kurudishwa hadi nusu ya shimo. Vipande nane vya macho mawili hupangwa kama spoku za baiskeli, kisha hufukiwa kwa sentimita 3 hadi 5. Shimo hubaki bonde dogo linalokamata maji.

Sifa zake hutiwa chumvi na wengi, kwa hiyo fanya hesabu. Ekari ina mashimo 1,800. Kwa macho 16 kila shimo ni macho 28,800, sawasawa na mfereji wa mita 1.2. Hakuna mbegu unayookoa. Udongo wa kuchimba unafika mita za ujazo 318, karibu mara mbili ya mfereji wa upana wa 25 na kina cha 20. Mtu akichimba mashimo 20 kwa siku atamaliza ekari kwa siku 90. Nusu debe ya samadi kwa kila shimo ni madebe 900. Samadi imekuwa rahisi kidogo kupatikana tangu wafugaji walipohamia Kilwa na Lindi kuanzia 2006, lakini kuisomba hadi bondeni ni kazi nyingine.

Kwa hiyo mashimo si ya ekari. Ni ya eneo dogo la upande wa juu ambako kuna kisima au bomba na hakuna unyevu wa chini. Hapo yanashinda njia zote. Debe moja la lita 20 likimwagwa kwenye shimo la upana huo ni sawa na mvua ya milimita 45 kwa eneo lile, na halitiririki popote. Mashimo 100 yanahitaji lita 2,000 kwa wiki wakati wa kiangazi. Kama huwezi kuzipata lita hizo kila wiki kuanzia Juni hadi Novemba, punguza idadi ya mashimo na usiguse kipimo cha maji. Shimo lililonyweshwa nusu huzaa miwa yenye pingili fupi fupi kama vidole, na mlaji anatafuna mafundo.

Usichimbe mashimo kwenye mfinyanzi mweusi wa mbugani. Machi yote yatakuwa vidimbwi.

Miche ya jicho moja kutoka kitaluni

Hii ndiyo njia ambayo wakulima wengi hawajaijaribu, na ndiyo inayobadilisha hesabu ya mbegu. Kila jicho linakatwa peke yake, likiwa na sentimita 3 hadi 5 za muwa, linaoteshwa kitaluni wiki nne hadi sita, kisha linapandwa shambani kwa nafasi ya mita 1.5 kwa sentimita 60. Ekari inahitaji miche 4,500. Ukiotesha macho 5,400 ili kufidia yatakayokufa, utatumia miwa 320 hivi. Kulaza mferejini kunakula miwa 1,700.

Tofauti hiyo ni kubwa kuliko inavyoonekana. Miwa 1,700 ya mbegu ina uzito wa karibu tani 2.5, yaani gari. Miwa 320 inabebeka kwa bajaji ya mizigo kwa safari moja au mbili. Na ile 1,380 iliyobaki unaiuza. Lakini mche una gharama zake: viriba, kivuli, maji kila asubuhi na jioni, na mtu wa kukaa nao. Asiyekaa karibu na kitalu asianze.

Mchanganyiko wa udongo unaofaa ni sehemu moja ya samadi iliyooza, moja ya mchanga na moja ya vumbi la makumbi ya nazi. Makumbi yapo tele pwani, ila yale yaliyofukiwa ufukweni kwa ajili ya kusokota kamba yana chumvi. Yaloweke kwenye maji baridi yasiyo na chumvi, yamwage, rudia mara tatu. Asiyefanya hivyo ataona miche inachipua vizuri, kisha inakauka ncha wiki ya pili, na atadhani ni ugonjwa.

Baada ya kukata macho, yaloweke dakika 10 hadi 15 kwenye dawa ya ukungu kwa kipimo cha kibandiko. Jicho moja lina majeraha mawili na akiba ndogo ya chakula, kwa hiyo uozo ukiingia haliponi. Uozo wa kawaida unautambua kwa pua: pasua kipande kilichoshindwa kuota, kikinukia nanasi na ndani kikiwa chekundu kinachogeuka cheusi, ni huo. Unapenda udongo uliojaa maji na mbegu iliyokaa siku nyingi baada ya kukatwa.

Panga macho kwenye kiroba chenye unyevu, ufunge, uweke kivulini siku tano hadi saba. Yakitoa mizizi myeupe na ncha ya chipukizi, yaweke kwenye viriba, jicho likiangalia juu, udongo wa sentimita 1 hadi 2 juu yake. Usiyapeleke macho yote kwenye viriba ili yaotee humo: kwa kuchambua hatua ya kiroba unatupa macho mafu kabla hujayapotezea udongo na maji. Siku chache kabla ya kuhamisha, punguza maji na uondoe kivuli. Siku ya kupanda kata majani nusu, ili mche usipoteze maji kuliko mizizi inavyoweza kuvuta. Panda jioni, kwenye mfereji uliokwisha lowa, DAP vizibo viwili kando ya shimo la mche na si chini yake moja kwa moja.

Nafasi pana inafanya kila kichaka kipate jua, na mashina yanakuwa manene. Kwenye mwezi wa nne chagua mashina 6 hadi 8 kwa kichaka, uondoe vijukuu vinavyochelewa. Kwa mnunuzi wa kutafuna hii ndiyo faida inayolipa zaidi ya zote.

Hizi hapa nne kwa ekari moja, ukichukulia muwa wa mbegu wenye mita 2 zinazofaa na macho 17:

| | Kuchomeka | Mfereji | Mashimo | Miche |
|---|---|---|---|---|
| Nafasi | 1 m × 0.75 m | 1.2 m | 1.5 m × 1.5 m | 1.5 m × 0.6 m |
| Idadi | vipande 5,400 | vipande 9,600 | mashimo 1,800 | miche 4,500 |
| Macho | 16,200 | 28,800 | 28,800 | 5,400 |
| Mbegu | vilele 5,400 | miwa 1,700 | miwa 1,700 | miwa 320 |
| Panapofaa | tope | unyevu wa chini | juu, penye kisima | unyevu wa chini, mbegu haba |
| Kinachoiharibu | upepo, ukame | kufukia sana, mafuriko | maji kutuama, kazi nyingi | kukosa uangalizi kitaluni |

Lini?

Una madirisha mawili. La kwanza ni mvua zikishashika, Desemba hadi katikati ya Januari. Muwa unapata miezi minne ya maji kabla ya kiangazi, unatanda, mizizi inashuka. Hili ni dirisha la upande wa juu na la katikati ya bonde, na ndilo la mashimo. La pili ni maji yakishuka, mwishoni mwa Aprili hadi Mei, kwa mashamba ya kingo za mto ambayo Februari na Machi hufunikwa. Kupanda huko Desemba ni kumpa mto mbegu yako.

Miche ndiyo inayotumia dirisha la pili vizuri zaidi. Kipande kilicholazwa Mei huchukua siku 30 hadi 35 kumaliza kuota, na kila wiki unyevu unashuka. Mche wa wiki tano una mizizi tayari. Ukiingia shambani siku hiyo hiyo ya Mei umeshakitangulia kipande kwa mwezi mzima. Maana yake kitalu kianze mwishoni mwa Machi, mahali palipoinuka pasipofikwa na maji.

Ukipanda Desemba kwa mita 1.5, usiache nafasi kati ya mistari ikae bure. Choroko au kunde zinazovunwa ndani ya siku 70 zinafunika udongo na kuzuia magugu. Usiweke mtama wala mahindi: yatautia kivuli muwa ule wakati unaotakiwa kutanda.

Mbegu mbovu inazishinda njia zote nne

Watu hubishana juu ya mfereji na mashimo huku wakipanda vipande vilivyotoka shamba lenye fugwe. Fugwe inajulikana: kilele kinatoa mjeledi mweusi uliojaa unga. Kichaka kinachotoa mjeledi kifunike kwa mfuko kabla ya kukigusa, kikate, kichome, ung'oe na shina lake, na usichukue mbegu popote kwenye shamba hilo.

Hatari zaidi ni ugonjwa wa bakteria uitwao udumavu wa maotea, kwa sababu hauonekani kwa nje. Shamba linaonekana zuri mwaka wa kwanza, la pili miwa ni mifupi, la tatu mkulima analaumu udongo. Pasua muwa uliokomaa kwa urefu sehemu ya shinani: vidoa vyekundu vya rangi ya chungwa, vingine vimepinda kama alama ya mkato, ndani ya mafundo ya chini, ndiyo dalili. Bakteria hao husafiri kwa panga. Tumia mapanga mawili kwa zamu: moja kazini, jingine ndani ya ndoo yenye jiki sehemu 1 na maji sehemu 9, ukibadilisha kila unapohama kichaka. Jioni yasuuze na kuyapaka mafuta, la sivyo yatapata kutu.

Tiba ya mbegu yenyewe ni maji ya nyuzi joto 50 kwa saa 2. Sufuria la nyumbani haliwezi kushika joto hilo kwa usawa. Likivuka kidogo macho yanakufa, likipungua bakteria wanabaki. Kazi hiyo waachie wenye vifaa. Utafiti wa miwa nchini uko chini ya Taasisi ya Utafiti wa Kilimo (TARI), kituo cha Kibaha, na njia ya kuwafikia ni kupitia afisa ugani wa kata. Hapa tena miche inashinda: mbegu safi kidogo ya kuanzia, miwa 30 au 40, inatosha kitalu cha miche 500, na kutoka hapo unajizalishia mwenyewe.

Chukua mbegu kwenye muwa wa miezi 8 hadi 10, theluthi mbili za juu. Usafirishe ukiwa na maganda ya majani yake, ndiyo yanayolinda macho. Yavue kwa mkono ukishafika shambani. Ukiyapunguza kwa panga unakata macho pamoja nayo. Panda ndani ya siku mbili baada ya kukata.

Kuchagua

Kama shamba ni tope, chomeka juu ya tuta, na kubali kwamba baada ya mikato miwili au mitatu utapanda upya. Kama una unyevu wa chini na miwa ya mbegu unayo tayari shambani, mfereji. Ni njia inayosamehe makosa kuliko nyingine, na vibarua wanaiweza. Kama ndiyo kwanza unaanza, au unataka kubadili mbegu, au shamba lako linaachwa na maji Mei, otesha miche hata kama ni nusu ekari tu. Kazi ya wiki tano kitaluni inalipwa na miwa 1,380 usiyoizika. Mashimo, mwenye kisima na eneo la upande wa juu, yasizidi 200 kwa mwaka wa kwanza.

Wengi watafanya vizuri zaidi kwa kuchanganya mbili: mfereji kwa shamba zima na miche 300 kando kwa ajili ya mapengo. Siku ya 35 pita kila mstari na kijiti cha sentimita 60. Popote kijiti kinapolala bila kugusa chipukizi, weka mche, na umalize kabla ya wiki ya sita. Ukichelewa zaidi ya hapo majirani wataufunika kwa kivuli nao utabaki kijiti. Pengo lililoachwa mwaka wa kwanza litarudi katika kila mkato wa maotea, na ndago ndizo zitakazolikalia.

Miche hiyo iliyobaki ina kazi nyingine. Ndezi na nguruwe pori wanapenda chipukizi za pembeni, hasa mashamba yanayopakana na pori, na mistari miwili ya ukingo ndiyo huumia. Fyeka mita tatu kuzunguka shamba ili ndezi asipate pa kujificha, kisha jaza ukingo kwa miche mirefu kuliko mingine yote.